Chakula cha nyumbani cha Kimarekani hapa Malindi: kuku agiza, makaroni subiri

Mkahawa huu uko Barabara ya Lamu. Meza zake ni chache, na jiko liko wazi kiasi kwamba mteja humwona mpishi akifanya kazi. Wanapika vile Wamarekani, hasa wa kusini, wanavyopika Jumapili majumbani mwao, kwa hivyo usiende na pupa ya chipsi. Nguruwe hawaingizi jikoni.

Kuku pekee anatosha kukupeleka. Analala usiku kucha kwenye maziwa lala yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa kilo ya nyama. Huko kwao hutumia mtindi (buttermilk), na maziwa lala yetu yanafanya kazi ileile: uchachu unalainisha nyama polepole na uzito wake unashika unga. Unga ni vikombe viwili vya ngano kwa nusu kikombe cha konflawa, pamoja na pilipili manga, paprika na saumu ya unga. Baada ya kugaragazwa, vipande vinapumzishwa juu ya wavu dakika 20 hivi, mpaka unga uwe umelowa na kunata. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unga mkavu ukienda moja kwa moja mafutani, ganda linabanduka lote kwa tonge la kwanza. Mafuta yawe nyuzi 170, na vipande viingie vichache vichache. Ukijaza karai moto unashuka na ganda linakunywa mafuta. Paja likifika nyuzi 74 karibu na mfupa, limeiva.

Wateja wengine wanalalamika kwamba kuku si wa kienyeji. Mpishi yuko sahihi. Kienyeji anataka kuchemshwa kwanza, la sivyo ganda litaungua nyama ikiwa bado ngumu. Ila ukibeba nyumbani, waambie wasifunge kopo. Mvuke na unyevu wa pwani hii vitalilegeza ganda kabla hujafika Shela.

Sukuma wanayopika nayo ni ndugu wa karibu wa mboga wanayoipenda Wamarekani wa kusini, lakini mapishi ni mbali kabisa na yetu ya kugeuzageuza haraka. Inatokota karibu saa nzima na mfupa wa ng'ombe uliopigwa moshi, kisha inatiwa siki na pilipili. Majani yanalegea sana, na ndivyo yanavyotakiwa. Mchuzi wake usiuache: chovya mkate wa mahindi.

Na mkate huo wameupatia. Unga mweupe wa paketi uliokobolewa ungetoa kitu kikavu kama sima ya jana, kwa hivyo wanasagisha mahindi ya njano mashineni yabaki na chenga. Kikombe kimoja na nusu cha unga huo, nusu kikombe cha ngano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha magadi soda, mayai mawili, kikombe na nusu cha maziwa lala na siagi iliyoyeyushwa. Magadi yapo kwa sababu ya uchachu wa maziwa. Ukiyaacha mkate unakuwa mzito. Kikaango kizito cha chuma kinapashwa ndani ya oveni ya nyuzi 220 pamoja na mafuta, na rojo likimiminwa lazima lilie chaa! Bila sauti hiyo hupati ukoko. Hakuna sukari, hivyo aliyezoea mkate wa sinia asishtuke.

Makaroni ya jibini ndiyo yanayouma, maana ni chakula chenye heshima yake. Miongoni mwa waliokijenga Marekani ni James Hemings, aliyekuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa baadaye wa nchi hiyo, na kujifunza upishi Paris miaka ya 1780. Hapa sosi inakuja imekatika: chenga chini, mafuta yanaelea juu. Jibini linatiwa sosi ikiwa bado inachemka, protini zinakaza na kuyakamua mafuta nje. Dawa ni rahisi. Kwa gramu 450 za makaroni, kaanga gramu 60 za siagi na 60 za unga, ongeza lita moja ya maziwa taratibu mpaka iwe nzito, epua, ndipo utie gramu 400 za cheddar uliyokwaruza mwenyewe, konzi kwa konzi. Lile lililokwaruzwa dukani hupakwa wanga lisigandane, na sosi inakuwa ya mchangamchanga. Makaroni yenyewe yaepuliwe dakika mbili kabla ya kuiva, kwa kuwa yataendelea kunywa sosi ndani ya oveni.

Mkate wa nyama ya kusaga ni mkavu. Nyama haina mafuta ya kutosha, na mkate wa ngano unaochanganywa nayo haukulowekwa maziwa. Uruke.

Kobla ni matunda yanayookwa chini ya kinyunya; mahali pa pichi, yao ina embe ngowe, zisizo na nyuzi. Wanapunguza sukari, wanakamulia ndimu, na kinyunya kinawekwa juu ya embe zilizokwisha kupata moto. Zingekuwa baridi, upande wa chini ungebaki mbichi. Inaokwa ukiagiza na huchukua dakika 40, kwa hivyo iagize pamoja na kuku.