Gia boksi otomatiki kushtuka asubuhi ya baridi: uzoefu wangu wa kubadilisha oili

Aliyeishi Njombe anaijua Juni na Julai. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, otomatiki ya gia nne, na baridi ikishika lilikuwa na tabia moja: ukitia D linanyamaza kidogo, halafu linaingia kwa kishindo. Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, abiria wote wanatikisa vichwa. Injini ikishapata moto, limetulia kabisa, hata fundi akilijaribu anakuona mzushi.

Fundi wa kwanza alisema gia boksi imekufa, ninunue nyingine ya mtumba. Hilo sikulikubali. Gia boksi iliyokufa inaponaje kwa kupata joto tu?

Nikaenda gereji ya watu wanaoshughulika na otomatiki peke yake. Fundi aliacha injini ikiwa ya moto, inaunguruma, akapitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L na kurudi P, ndipo akachomoa stiki ya kupimia oili. Oili ilikuwa kwenye alama, ila nyekundu yake imegeuka kahawia na inanukia kuungua kwa mbali. Wakafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Sumaku za ndani zilikuwa na ute wa kijivu, laini ukiusugua kwa vidole, bila kipande cha chuma hata kimoja. Nilishusha pumzi: ute ule ni ulaji wa kawaida, vipande ndivyo vya kuogopa.

Kwenye stiki imeandikwa T-IV, ndiyo aina ya oili inayotakiwa, basi ikawekwa T-IV. Muuza duka alisema zote nyekundu, zote sawa. Si sawa hata kidogo, na wa kulipia gia boksi si yeye.

Jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii: ukimwaga kwa nati ya chini, inatoka chini ya nusu. Sehemu kubwa ya iliyobaki imo kwenye toko konvata, kile chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Kwa hiyo nilirudi tena baada ya wiki kadhaa tukamwaga na kujaza upya. Gharama ya oili ni mara mbili, lakini haifikii hata robo ya ile gia boksi niliyotakiwa kununua.

Kishindo cha D kimekwisha. Cha gia ya pili kimebaki kidogo asubuhi ya baridi kali, na sasa nasubiri mshale wa RPM ushuke kwanza, maana sailensa (mzunguko wa injini kabla hujakanyaga mafuta) ya injini baridi iko juu na yenyewe inaongeza mshtuko. Kuhusu gia kuchelewa kupanda gari likiwa baridi, msihangaike: kompyuta inazishikilia makusudi mpaka joto lipande.

Gereji naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu filta ya zamani walikuwa wameshaitupa pipani, mpaka nilipodai kuiona.