Noeli ya mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma Lusaka: kurudi nyumbani au kubaki?

Kwa gharama, kubaki kunashinda: hulipi basi kwenda na kurudi, wala nguo za sikukuu za wadogo zako, maana nyumbani hakuna anayefika mikono mitupu. Kwa uhakika pia. Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, malori ya shaba hupanga foleni ndefu, na Desemba ni mvua.

Lakini bweni tupu tarehe 25 ni zito. Simu haikupi bukari (ugali) ya mama, sombe (kisamvu) yenye mawese, wala kwaya ya misa ya mkesha. Hapo, kurudi nyumbani hakuna mpinzani.

Una mtihani Januari? Baki, ule sikukuu na Wakongo wenzako. Mzazi anaumwa, au hujarudi tangu uondoke? Nenda, ila vuka mpaka siku kadhaa kabla ya mkesha.