Tahadhari kwa wakulima wa uyoga Moshi: mboji inayonuka amonia

Ndugu wakulima wa Moshi na vitongoji vyake, naandika tahadhari hii kwa sababu muuzaji aliyenitapeli bado anazunguka akiwauzia "mboji tayari ya uyoga" watu wanaotaka kuanza kilimo hiki nyumbani, na nimekwisha kukutana na akina mama wawili wa Kiborloni waliouziwa mzigo uleule.

Nilinunua kwake mifuko 20 kwa shilingi 6,000 kila mmoja, pamoja na chupa 10 za mbegu kwa shilingi 4,000 kila moja, jumla shilingi 160,000. Aliniahidi kwamba mboji hiyo inafaa kwa uyoga wa aina yoyote na kwamba atarudi mwenyewe kununua mavuno yote. Nilipofungua mfuko wa kwanza, harufu ya amonia ilinitoa machozi. Nikampigia simu, akanijibu kuwa harufu hiyo ndiyo nguvu ya mboji.

Jibu hilo ni uongo, na ndilo linalowaponza wengi. Mboji ya uyoga wa vifungo (button, ule wa mviringo) hutengenezwa kwa majani makavu ya ngano au ya mpunga yaliyolowanishwa na kuchanganywa na samadi ya kuku na jasi, kisha rundo hugeuzwa kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki mbili au tatu, huku joto la ndani likifika nyuzi 70 hadi 80. Baada ya hapo huhifadhiwa kwenye nyuzi 58 hadi 60 kwa saa kadhaa ili kuua wadudu na vimelea, halafu huachwa kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa siku kadhaa mpaka amonia yote iishe, kwa maana amonia ikibaki inaua mbegu za uyoga. Mboji iliyoiva ina rangi ya kahawia iliyokolea, inanukia kama udongo wa msituni, na ukiikamua mkononi inatoa matone machache tu ya maji. Aliyoniuzia mimi ilikuwa samadi mbichi iliyochanganywa na pumba za mpunga, tena bado ina joto.

Mbegu nazo zilikuwa na madoa ya kijani. Mbegu nzuri hutandwa na utando mweupe chupa nzima. Ukiona kijani au cheusi, hiyo ni kuvu nyingine, usiipokee hata ukipewa bure.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mbegu zile zilikuwa za uyoga mamama (oyster), ambao hauhitaji mboji ya samadi hata kidogo. Mamama huota kwenye majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa, yakalowekwa, yakachemshwa au kufukizwa kwa mvuke ndani ya pipa, kisha yakapoa kabla ya kupandwa mbegu. Majani hayo yanapatikana kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, wala hakuna haja ya kumlipa mtu shilingi 6,000 kwa mfuko. Uyoga wa vifungo, kwa upande wake, hutaka ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 wakati wa kuzaa, kwa hiyo anayekuahidi kwamba utauvuna ndani ya chumba cha kawaida hapa mjini, penye joto kama letu, anakudanganya.

Baada ya kupanda, wiki tatu zilipita bila utando wowote kuonekana. Nilipodai fedha zangu, kwanza alisema sikunawa mikono, baadaye akazima simu.

Kabla ya kulipa, fungueni mfuko na kunusa, shikeni mboji kwa mkono, na mkague chupa za mbegu kwenye mwanga wa jua. Mkiweza, ombeni kupelekwa mahali anapotengenezea. Huyu wangu alikuwa na sababu mpya kila nilipoomba. Nimekwisha kutoa taarifa polisi na kwa afisa ugani wa kata. Yeyote aliyeuziwa mzigo huu atunze ujumbe wa malipo ya simu na mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, kisha naye aandikishe malalamiko yake kituoni.