Wiki sita za kusoma fomati ya IELTS Arusha: uzoefu wangu

Nimeongoza watalii kwa miaka tisa, Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na muda wote huo nimekuwa nikiongea Kiingereza kuanzia alfajiri hadi wageni wanapoingia mahemani kulala. Kwa hiyo chuo kimoja cha Uingereza kiliponitaka niwe na alama 6.5 ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, bila eneo lolote kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza kushuka chini ya 6.0, ndipo nisomee shahada ya uzamili ya uhifadhi, niliona hilo ni jambo dogo. Nilikosea. Naandika kuhusu darasa nililosoma hapa mjini kwa sababu najua wapo wengine wenye Kiingereza kizuri ambao mtihani huu utawaangusha bure.

Kabla ya darasa nilishapoteza pesa. Mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp alikuwa akiuza insha za kukariri, akidai ndizo zinazotoka. Nikamtumia elfu themanini, nikakariri tatu. Ule ulikuwa wizi tu. Watahini hufundishwa kuzitambua insha za aina hiyo, na jibu lisilogusa swali uliloulizwa hupoteza alama hata kama Kiingereza chake kimenyooka.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha ghorofani, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, kila Jumamosi na Jumapili asubuhi. Nililipa laki tatu kwa wiki sita. Tulikuwa kumi na wanne: wauguzi, wahasibu, na walimu wawili waliokuwa wakidamka gizani kuwahi Kosta ya kutoka Moshi. Siku ya kwanza mwalimu hakugusa sarufi kabisa. Alituuliza kama tulipokuwa kidato cha nne kuna aliyeingia kwenye mtihani wa NECTA bila kusoma fomati. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Sasa huu nao mnataka kuuingia hivihivi kwa nini?" Tukanyamaza.

Akawasha spika ndogo mezani tukaanza na kusikiliza. Maswali ni 40, sehemu nne, kama nusu saa hivi, na kila rekodi inapigwa mara moja tu. Nje bodaboda zinanguruma, ndani kila mtu ameinamia karatasi. Nilimwelewa kila aliyezungumza, neno kwa neno. Karatasi iliporudi nina 24. Nikaenda kumwuliza mwalimu kwa hasira kidogo, naye akaweka kidole kwenye jibu langu la nane: nimeandika "the north gate". Geti ndilo hilohilo, lakini maelekezo juu ya swali yalisema jibu lisizidi maneno mawili, na mimi nimeandika matatu. Sifuri. Kulikuwa na mengine matano ya namna hiyo, pamoja na mawili niliyokosea herufi, maana tahajia nayo inahesabika. Yaani alama nane nilizitupa mwenyewe, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kutoelewa Kiingereza.

Kusoma ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi. Unapewa vifungu vitatu virefu, maswali 40, dakika 60, na ukifanya wa karatasi kama mimi, majibu unayahamishia kwenye fomu ndani ya hizohizo 60. Kwenye kusikiliza unaongezewa dakika 10 za kuhamisha. Huku huongezewi hata moja. Halafu kuna yale maswali ya kuchagua Kweli, Si Kweli au Haikutajwa. Mwalimu alitutungia mfano wa nyumbani. Kifungu kilisema njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro ina vibanda vya kulala, na wanaopita Machame hulala kwenye mahema. Sentensi ya kupima ikasema: njia ya Marangu ni rahisi kuliko ya Machame. Nikaandika Kweli bila kusita. Mmoja wa wale walimu wa Moshi, aliyewahi kuupanda mlima, akaandika Si Kweli, akaeleza vizuri kabisa kwamba Machame inaupa mwili nafasi zaidi ya kuzoea hewa nyembamba. Tukabishana mpaka mwalimu akatukatiza: kifungu kimetaja vibanda na mahema basi, urahisi umetoka wapi? Jibu ni Haikutajwa. Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa wangu. Kazi yangu ni kujua vitu, na mtihani huu unataka nijibu kwa kile kilichoandikwa mbele yangu tu. Wiki mbili nzima nilifanya zoezi la kupigia mstari maneno yanayothibitisha jibu langu, na nikiyakosa, siandiki Kweli.

Kwenye kuandika, kazi ni mbili ndani ya saa moja: ya kwanza ni kueleza grafu kwa maneno yasiyopungua 150, ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. Mimi nilizama kwenye grafu dakika 35, nikaeleza kila mstari ulivyopanda na kushuka, insha ikabaki nusu. Sikuwa nimejua kwamba kazi ya pili ina uzito mara mbili. Tangu siku hiyo, ikifika dakika ya 20 naiacha grafu ilipo.

Kuzungumza nilidhani ni kwangu. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada na vipengele vyake, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika mbili. Katika jaribio nikamsimulia mwalimu duma niliyemwona Ndutu na watoto wake wanne, kwa raha zote, akanikatiza muda ukiwa umeisha na kipengele cha mwisho sijakigusa.

Kasoro za darasa zipo. Insha zetu zilichelewa kusahihishwa, moja yangu ilirudi baada ya wiki mbili nikiwa nimeshasahau nilichowaza. Jaribio la kuzungumza kila mtu alipata moja tu, na kwa laki tatu nilitarajia angalau mawili. Niliwaambia hivyo mwisho wa kozi, mwalimu akalipokea vizuri. Hata hivyo ningelipa tena.

Matokeo yangu: kusikiliza 7.5, kusoma 6.5, kuandika 6.0, kuzungumza 7.0. Wastani ni 6.75, na kwa kanuni zao .75 hupandishwa, kwa hiyo nimepata 7.0. Matokeo yanatambulika kwa miaka miwili, na chuo kimeshanijibu.

Wiki iliyopita kaka mmoja tunayefanya naye kazi ameniomba daftari langu. Yeye anaomba kuhamia Kanada, hivyo atafanya IELTS ya aina nyingine, ule wa General Training, ambao kazi yake ya kwanza ya kuandika ni barua badala ya grafu. Nimempa lote. Kurasa za grafu nimezibana kwa kibanio asizipotezee muda, na ule mfano wa Marangu na Machame nimeuzungushia wino mwekundu.