Sare na taulo za kike za mabinti wa Mwanga, Kigoma

Nauza dagaa Kibirizi na nina mabinti watatu shuleni, kwa hiyo habari za sare nazijua kwa kuzilipia. Siku hizi sare zote nashonesha kwa wasichana wa kile chumba cha ushonaji cha pale Mwanga, wengi wao walioacha shule, na nimeamua kuandika kwa sababu wengi wanapita wakidhani ni mahali pa kutoa sadaka. Pale ni kwa fundi.

Nianze na sketi ya marinda ya huyu wa kidato cha kwanza. Igeuze ndani uitazame: mshono wa nyonga umerudiwa mara mbili, kingo zimepigwa ovaloki, na chini wameacha pindo la inchi tatu hivi. Mtoto wa umri huo anarefuka huku unamwangalia. Sketi nilizokuwa nikinunua zikiwa tayari zilikuwa na pindo jembamba, ikifika katikati ya mwaka magoti yako nje na mwalimu wa zamu kashaanza kusema. Hii niliirudisha kwao, wakalifumua pindo na kulishusha nimekaa palepale kwenye benchi, wakapiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo wa zamani ukafifia. Hawakunidai hata senti. Marinda nayo wameyabana kwa mshono kutoka kiunoni kushuka kidogo ndipo wakayaachia, basi hata yakianikwa bila pasi yanakaa.

Mashati bado. Matundu ya vifungo wanayashona kwa mkono na nyuzi zinaanza kuchomoza mapema. Nimewaambia, na ya karibuni yana nafuu, ila hayajafikia sketi.

Taulo za kike za kufua ndizo zilizonishawishi zaidi. Juu flana, katikati tabaka za pamba, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa mawili yanayofungwa kwa kifungo cha kubonyeza. Binti aliyetuhudumia hakumung'unya maneno. Alimwambia mwanangu, "Loweka kwenye maji baridi, mdogo wangu, ya moto yanagandisha damu. Halafu anika juani, usifiche chini ya kitanda." Mwanangu ambaye kwangu huinamisha kichwa, kwake aliuliza maswali. Kwa mama mwenye mabinti watatu, pedi za dukani ni gharama ya kila mwezi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019, na kwenye maduka ninayonunua mimi sikuona bei ikishuka hata huo mwaka wa katikati. Hizi za kufua unalipa mara moja. Kasoro yake ni masika: ile nene inachelewa kukauka, kwa hiyo nunua za kubadilishia.

Wengi wa mafundi hawa waliacha shule kwa sababu ya mimba. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, waziri wa elimu wa wakati ule na mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kwamba wasichana wa aina hiyo wanaruhusiwa kurudi shuleni. Nilifurahi sana. Lakini ruhusa hailei mtoto wala hainunui maziwa. Ndiyo maana hawa asubuhi wanashona, jioni wanasoma. Aliyeacha mapema anajiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, ili baadaye afanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada ya mtihani inatoka kwenye cherehani.

Nilishika daftari lao la mahesabu, na hapo ndipo niliwavulia kofia kama mfanyabiashara. Kitambaa, uzi, zipu, mkaa wa pasi, kila kimoja na mstari wake, halafu ujira wa fundi umeandikwa mbali na faida. Sokoni kwetu tuko wengi tunaokula mtaji kwa kukosa mstari huo mmoja. Wameshaanza kuulizia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo wanawake wana 4 na vijana 4. Na daftari hilo wanalo la kuonyesha.

Kinachonikera ni wateja wanaodai punguzo kwa kusema, "Nyie si mnafadhiliwa?" Nimemsikia mmoja kwa masikio yangu. Binti aliyeambiwa hivyo ana mtoto mgongoni na kitabu cha Baiolojia chini ya meza; ukimpunja kwenye sketi umempunja kwenye mtihani. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mimi sikuwa na pesa mkononi. Walikubali nilipe kidogo kidogo, wakaandika, nikamaliza. Hawakuniomba huruma, wala mimi sikuwaomba.

Januari ndiyo shida yao. Wanapokea kazi kuliko cherehani walizonazo, na mwanangu aliripoti shule na sketi ya dada yake. Wapunguze kupokea, au waseme ukweli wa tarehe mapema.

Wewe peleka oda Novemba. Mtoto aende mwenyewe akapimwe, lipa nusu, nyingine ukichukua mzigo. Na ukikuta mshono umekaa vibaya usinyamaze kwa kuwaonea huruma. Mrudishie fundi, ataurudia.