World Baseball Classic ya 2023 nikiwa Ujiji: uzoefu wangu kwa wapenzi wa Simba na Yanga

Watu wa Mwanga, hapa Kigoma, wanaoniuliza kama mashindano haya ya dunia ya besiboli yanatufaa sisi nawajibu moja kwa moja: ndiyo, World Baseball Classic inamfaa mtu aliyekulia kwenye soka, tena inamfaa kuliko ligi yoyote ya besiboli. Ligi kubwa ya Marekani inaipa kila timu mechi 162 kwa msimu. Mtu wa Kigoma aanzie wapi hapo? Huku zinacheza timu za taifa, ndani ya wiki mbili za mwezi Machi, na ukifika robo fainali ukafungwa, unapanda ndege unarudi kwenu. Huhitaji miaka ya kuzoea klabu. Bendera unazijua, nyimbo za taifa zinapigwa, na upande wa kushabikia unaupata kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Ninaongelea mashindano ya 2023, yaliyokuwa na timu 20 katika makundi manne: Tokyo, Taichung, Phoenix na Miami. Niliyafuatilia kwa simu, kwa bando la kununua mwenyewe. King'amuzi nilichokuwa nimekilipia mwezi huo hakikuonyesha kitu, na nilipopiga simu huduma kwa wateja, aliyepokea hakujua kabisa naulizia mchezo gani. Kwenye kibanda umiza usitegemee. Mwenye kibanda anataka kiti kikaliwe, na Machi ni mwezi wa Ligi ya Mabingwa.

Saa za mechi zina raha na karaha. Kundi la Tokyo ni rafiki yetu: Japani ikicheza saa moja jioni kwao, huku ni saa saba mchana, unakula huku unatazama. Tabu ni Miami. Fainali ilianza saa nane usiku wa kuamkia 22 Machi, Ramadhani ikibisha hodi. Kama una kazi ya asubuhi, subiri marudio, ila usifungue mtandao wowote kabla.

Kuna jambo moja ambalo sijaona mtu akilieleza. Ukishusha ubora wa picha ili kuokoa bando, mpira hauonekani. Ni mdogo, unakwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na kwenye picha yenye ukungu unapotea kabisa. Mimi niliacha kuutafuta mpira, nikawa natazama glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Anaiweka pale anapotaka mpira uje. Mpira ukifika, angalia glavu imehama kiasi gani. Isipohama, mrushaji yuko vizuri. Ikiruka upande wa pili, ameanza kuchoka au ameshikwa na woga. Kwa picha mbovu ya Ujiji nilijifunza besiboli kupitia glavu, na mpaka leo hata picha ikiwa safi naangalia hapo kwanza.

Sheria zisikutishe. Mrushaji akikupitishia straiki tatu (mipira mizuri uliyoikosa au kuiacha) uko auti, akikosea bolu nne (mipira ya nje ya eneo la kupiga) unapewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bure, na auti tatu zinabadilisha zamu. Kila timu ina awamu tisa za kupiga. Kati ya mrushaji na mpigaji kuna mita 18.44 tu, kwa hiyo mpira wa kasi unafika chini ya nusu sekunde. Aliyecheza rede utotoni anaelewa: ukisubiri mpira utoke mkononi ndipo uamue, umechelewa. Kilichonishika zaidi ni kwamba hakuna saa ya kumaliza mechi. Tunaokumbuka fainali ya Kombe la FA pale Uwanja wa Lake Tanganyika, 25 Julai 2021, Simba ikiongoza Yanga 1-0, tunajua dakika za mwisho zinavyoliwa. Huku anayeongoza hana pa kujificha. Lazima amrushie mpinzani mpira, tena mpira unaopigika, mpaka apate auti ya mwisho.

Ndiyo maana nusu fainali ya Japani na Meksiko ndiyo mechi ninayowapa watu waanze nayo. Meksiko walitangulia kwa homurani (pigo linalovusha mpira nje ya ukuta) ya Luis Urías iliyoleta pointi tatu mara moja, dhidi ya Roki Sasaki, kijana aliyekuwa akirusha kilomita 160 na zaidi. Baadaye Randy Arozarena, mzaliwa wa Kuba aliyepata uraia wa Meksiko mwaka uliotangulia, akaruka ukutani akaudaka mpira wa Kazuma Okamoto uliokuwa unakwenda kuwa homurani, kisha akasimama kimya, uso haucheki. Japani wakasawazisha kwa homurani ya Masataka Yoshida. Meksiko wakaongoza tena. Awamu ya tisa inaanza, Meksiko 5, Japani 4.

Mpwa wangu alikuwa macho pembeni yangu. Muda wote huo alikuwa na kesi na mtu mmoja, Munetaka Murakami. Huyu mwaka 2022 alipiga homurani 56 kwenye ligi ya Japani, lakini usiku ule alikuwa ameshatolewa kwa straiki mara tatu. Kila akija kupiga, mpwa wangu ananigeukia: "Mjomba, huyu si atolewe? Kocha haoni?" Nikawa sina jibu la maana.

Shohei Ohtani, nyota wa Japani, akafungua awamu ya tisa kwa pigo zuri, akatupa kofia yake njiani akikimbia, akafika besi ya pili na kuwapungia wenzake mikono wainuke. Yoshida akapewa besi bure, na nafasi yake akaingizwa Ukyo Shuto, mkimbiaji. Kisha nani anakuja? Murakami. Kocha Hideki Kuriyama hakumtoa. Mpira ukapigwa mpaka ukutani. Ohtani akaingia, pointi ya kusawazisha, na nyuma yake Shuto anakuja kwa mbio ambazo nilidhani atampita mwenzake. 6-5, mechi imekwisha hapohapo. Alfajiri ilikuwa imekaribia na mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya kitanda. Sikumkataza.

Fainali unaweza kuwa uliisikia hata kama besiboli huifuati. Marekani walianza kufunga kupitia Trea Turner, Murakami akajibu, na mpaka mwisho ikawa Japani 3, Marekani 2. Ohtani, ambaye usiku mzima alikuwa mpigaji, akaja awamu ya tisa kurusha, suruali bado ina udongo. Akampa mtu besi ya kwanza bure, kisha Mookie Betts akapiga mpira uliozaa auti mbili kwa mpigo. Akabaki mmoja, Mike Trout, wakati huo nahodha wa Marekani na mchezaji mwenzake Ohtani katika klabu ya Los Angeles Angels. Walikuwa wamekaa benchi moja tangu 2018, kwa hiyo hawakuwahi kukutana hivyo kwenye mechi ya ligi. Ilifika bolu tatu, straiki mbili. Ohtani alikuwa anamrushia mipira ya kilomita 160. Wa mwisho akaupunguza mwendo, ukakata kona, Trout akazungusha rungu hewani. Klabu haiwezi kukupa kitu cha namna hii. Inatokea kwa sababu kila mmoja alivaa jezi ya kwao.

Lakini usiwatazame wakubwa tu. Ucheki walikuja na kikosi cha watu wengi wenye ajira za kawaida, kocha wao Pavel Chadim ni daktari wa mishipa ya fahamu. Mrushaji wao Ondřej Satoria, fundi umeme, alimtoa Ohtani kwa straiki tatu mbele ya Watokyo, tena kwa mipira ya taratibu kabisa. Walifungwa 10-2 siku ile na uwanja mzima uliwapigia makofi. Katika mechi hiyohiyo mpira wa Sasaki ulimgonga Willie Escala gotini, ukiwa na kilomita 162. Jamaa akainuka na kuendelea. Baadaye Sasaki alimfuata na mifuko ya pipi kumwomba radhi. Mpwa wangu aliipenda hiyo kuliko fainali.

Kasoro zipo. Wachezaji wanatoka likizo na ligi haijaanza, kwa hiyo kuna kikomo cha mipira anayorusha mtu mmoja: 65 kwenye makundi, 80 robo fainali, 95 kuanzia nusu fainali. Sababu ni kulinda mikono yao na naiheshimu, ila inauma kumwona mrushaji aliye motoni anatolewa. Klabu nazo zina hofu, na baada ya Edwin Díaz wa Puerto Rico kuumia goti wakati wa kushangilia ushindi, akakosa msimu mzima, siwezi kuzilaumu sana. Mtangazaji wa Kiswahili sikumpata, na hilo linamfukuza mzee yeyote ambaye angependa kukaa na sisi.

Kubwa kwangu ni Afrika. Timu ya bara letu iliyowahi kucheza fainali hizi ni Afrika Kusini, 2006 na 2009. Kutafuta nafasi ya 2023 ilibidi waende Regensburg, Ujerumani, wakapambane na Wazungu. Kwa nini hakuna mchujo wa Afrika kwa Afrika? Uganda hapo jirani watoto wao walifika mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, na klabu ya Los Angeles Dodgers imesajili vijana kutoka kwao. Kwetu, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli pale shule ya sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Vipaji vya kurusha vimejaa Kigoma nzima, nendeni Kibirizi mwone watoto wanavyorusha mawe ziwani.

Ukitaka kuanza, weka bando la kutosha mechi nzima, maana vipande vya dakika mbili vitakuonyesha homurani na kukuficha kila kilichoileta. Anza na Japani na Meksiko. Halafu Ucheki na Uchina, ambayo Ucheki walishinda 8-5 kwa pigo la Martin Mužík awamu ya tisa. Fainali iache ya mwisho, ukiwa umeshawajua wahusika kwa majina.