Hita ya dizeli ya kabini: uzoefu wangu wa misimu miwili ya baridi North Dakota

Nilipokuwa nikiendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, jicho langu halikubanduka kwenye geji ya joto, hasa nikiupanda mlima wa Kitonga na tela limejaa, kwa sababu hofu yetu sote ilikuwa injini kuchemsha. Sasa naendesha semi-trela kwenye barabara kuu ya I-94, kaskazini mwa Marekani, kutoka Fargo hadi Billings, na geji hiyo hiyo naitazama nikiomba ipande. Nawaandikia madereva wenzangu wanaokuja huku kutoka nyumbani, kwani msimu wangu wa kwanza niliupitisha kama wengi walivyonishauri, yaani kuiacha injini ikinguruma usiku kucha ili nisigande kitandani.

Ushauri ule ulinigharimu. Injini kubwa ya lori iliyosimama ikinguruma hunywa takriban lita 3 za dizeli kwa saa, na kwa mapumziko ya saa 10 ambayo sheria ya Marekani inatudai, hizo ni lita 30 kila usiku. Tena, ikizunguka polepole kwenye baridi kali, haipati joto la kutosha kuunguza mafuta vizuri, hivyo masizi hujaa kwenye chujio la moshi. Hita niliyofungiwa baadaye ina nguvu ya kilowati 2 na hutumia kati ya lita 0.12 na 0.24 kwa saa, kwa hiyo usiku mzima haifikishi lita 2.5. Nililipa dola 1,400 pamoja na ufundi, na fedha hiyo ilikuwa imerudi kabla msimu haujakwisha.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kimejificha chini ya kitanda. Ukibonyeza swichi, feni huanza kwa sauti ya chini, kisha pampu iliyo nje chini ya kabini huanza kugonga tik, tik, tik, na baada ya dakika chache hewa ya moto hutoka kwenye tundu lililo karibu na miguu. Hewa ya kuunguzia mafuta huvutwa kutoka nje na moshi hutolewa nje kwa bomba lake, kwa hiyo hewa unayovuta kitandani haikutani na moto. Pamoja na hayo, nimefunga kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu iliyomo kwenye moshi, na kila usiku kabla ya kulala nashuka na tochi kuhakikisha kwamba theluji haijaziba mdomo wa bomba. Nimelala kwa fulana tu wakati nje kulikuwa na nyuzi 29 za Selsiasi chini ya sifuri, na asubuhi kioo cha mbele hakikuwa na barafu kwa ndani.

Kasoro ya kwanza niliisababisha mwenyewe kwa kutojua. Nilizoea kuiwasha kwenye kiwango cha chini kabisa usiku baada ya usiku, na mwezi wa pili ikaanza kutoa moshi mweupe, kisha ikagoma kuwaka. Fundi alipoifungua, chemba ya mwako ilikuwa imejaa masizi magumu kama ukoko wa sufuria. Fundi aliyeifunga hakuwa amenieleza lolote, nami sikuwa nimesoma kitabu cha maelekezo ya hita. Tangu siku ile naipandisha hadi kiwango cha juu kwa dakika 20 kabla ya kuizima, naiwasha angalau mara moja kwa mwezi hata kiangazi, na kamwe siikatii umeme ghafla, maana feni inahitaji dakika kadhaa kuipoza kwanza.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili naomba msilipuuze. Mwezi Januari nilijaza matangi yote mawili Oklahoma, ambako dizeli haikuwa imetayarishwa kwa baridi ya kaskazini, kisha nikapanda moja kwa moja hadi North Dakota. Dizeli ya kawaida, ile inayoitwa namba 2, huanza kutoa chembechembe za nta karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri, na chembe hizo ndizo huziba chujio. Usiku wa manane nilizinduka kwa ukimya: pampu ilikuwa haigongi tena. Hita huvuta mafuta kutoka tangi lile lile la injini, kwa hiyo ilipokosa mafuta ilizimika, na nilipojaribu kuiwasha injini ili nijiokoe, iliwaka kwa sekunde chache ikazima. Asubuhi, chujio lilipofunguliwa, ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, kizito, kama samli iliyoganda. Dawa ya kuzuia kuganda ninayo sasa muda wote, lakini inapaswa kutiwa mafuta yakiwa bado na joto. Nta ikishatokea haiyeyushi kitu. Nikifika kaskazini nanunua dizeli iliyochanganywa na namba 1, ile nyepesi inayostahimili baridi zaidi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi waziwazi ni kwamba hita ya hewa kama hii yangu hupasha kabini tu. Injini inabaki baridi kama jiwe, oili inakuwa nzito kama asali, na betri nayo, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, imebakiwa na takriban nusu ya nguvu yake ya kusukuma stata. Kwa injini natumia hita ya umeme iliyomo ndani ya bloku, ya wati 1,500, ambayo naichomeka saa nne kabla ya kuondoka ninapokuwa kwenye yadi yetu, kwa waya mnene unaofaa mzigo huo. Mbele ya rejeta nafunga pazia la turubai ili upepo usiipoze injini nikiwa barabarani.

Taabu ni kwamba vituo vingi vya malori havina soketi ya kuchomeka. Ndiyo maana, kama ningekuwa nanunua upya leo, ningeongeza hita ya pili, ile inayounguza dizeli na kupasha maji ya injini yenyewe. Nimeshaagiza moja, na itafungwa kabla ya Novemba.